Mwaka Tuliofunga Dirisha la Hataza

Nilifanya kazi miaka tisa katika tawi la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, la ofisi ya serikali inayosajili majina ya biashara, alama za bidhaa na hataza, na sitaki mtu yeyote anipe pole. Niliingia pale nikiwa na akili zangu timamu, nikapokea mshahara kila ulipotoka, na haya ninayoyasimulia niliyafanya mwenyewe. Wakubwa wangu nawachukia hadi leo. Lakini mkono ulioacha kuandika siku ile ulikuwa wangu.

Tawi lenyewe lilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya zamani ya Wazungu juu ya Arua Hill, yenye kuta nene na mabati yaliyopakwa rangi nyekundu mara nyingi hadi rangi ikawa inabanduka vipande vipande na kuangukia barazani. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkuu wa tawi. Cha mbele kilikuwa changu: meza, kabati la chuma, na dirisha la kioo ambalo watu walilazimika kuliinamia ili tuzungumze, kwa sababu fundi aliyelitoboa alilitoboa chini mno na hakuna aliyejali kulirekebisha. Wengi waliokuja walitaka kusajili jina la duka au la saluni. Hataza ilikuwa kitu adimu. Hataza ni ile karatasi ambayo serikali humpa mtu aliyebuni kitu kipya, tuseme mashine, ili mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Na jambo kubwa katika hataza ni tarehe. Watu wawili wakileta kitu kimoja, aliyepokelewa kwanza ndiye mwenye nacho, hata kama amemtangulia mwenzake kwa siku moja tu. Kwa hiyo ombi la hataza lilitakiwa kugongwa muhuri wa tarehe mbele ya macho ya aliyelileta. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na niliijua kuliko mkuu wangu.

Mkuu huyo aliletwa kutoka Kampala, na tangu siku ya kwanza alituonyesha kwamba kuletwa huku kwetu ni adhabu. Maji ya Arua yalimuumiza tumbo, vumbi la Arua lilimharibia viatu. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri alipanda basi kurudi kwao, na muhuri wa tarehe aliufungia kwenye droo yake, ufunguo ukining'inia kwenye mkanda wa suruali. Aliwahi kuniambia sababu. "Nyinyi watu wa huku mkiachiwa muhuri, mtagonga hata kwenye mikate." Mimi ni binti wa Oli, mtaa wa hapo hapo Arua, wa ukoo wa wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na nyumbani tulifundishwa kumheshimu mkubwa wa kazi. Nilicheka. Kwa kicheko hicho nacho najichukia.

Mwanamke wa Lobule, kijijini upande wa Koboko karibu na mpaka wa Kongo, alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, wiki ile ile shule zilipofungwa na redio ikaanza kutufundisha kunawa mikono kama watoto. Nilikuwa nimetoka msikitini, nimechelewa kidogo, nikamkuta ameketi sakafuni barazani. Askari wa getini ndiye aliyemwambia akae pale. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amevaa viatu vya plastiki, na mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Alibeba gunia la mbolea lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipofungua dirisha aliinuka, akainama, akanitazama kupitia kioo.

"Hapa ndiyo ofisi ya karatasi ya masini?"

"Karatasi gani, mama?"

"Ile inasema masini iko ya mutu fulani, mwingine asiibe."

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye michoro kwenye karatasi za manila, iliyochorwa kwa kalamu ya risasi na rula, safi kuliko michoro mingi niliyoletewa na watu wa mjini. Mashine ilikuwa ya kukata muhogo vipande vyembamba kabla ya kuuanika. Mtu anakaa kwenye kiti cha baiskeli, anakanyaga, gurudumu lenye visu linazunguka. Mashine za namna hiyo nilikwisha kuziona. Yeye akatoa kitu kingine kutoka gunia, kifuniko cha mbao chenye springi, akakipitisha chini ya kioo na kukibonyeza juu ya meza yangu.

"Hii ndiyo yangu. Hii inasukuma muhogo mpaka kwa kisu. Mukono haifiki. Ile masini ya zamani unasukuma na mukono." Akainua mkono wake wa kushoto. "Ilikula hii. Ndiyo nikatengeneza hii."

Alinieleza kwamba baba yake alikuwa fundi wa magari jeshini, kwamba walipokimbilia Kongo wakati wa vita alikimbia na sanduku la spana badala ya godoro, na huko ukimbizini ndiko alikomfundisha kazi, kwa kuwa kaka zake hawakuipenda. Alizungumza haraka, kwa Kiswahili chetu cha huku, akichanganya na Kikakwa palipomshinda. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha ofisini, kile cha kumweka mtu mbali.

"Ombi lako linatakiwa kugongwa muhuri. Mwenye muhuri amesafiri. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Mimi natoka Lobule. Baiskeli nimeacha Koboko kwa mutu, nimepanda gari mpaka hapa. Nirudi tena Jumatatu?"

"Basi yaache hapa. Mkuu akirudi atagonga. Utapigiwa simu."

Hakuondoka. Aliweka kiganja juu ya bahasha. "Baba yangu alisema karatasi haina muhuri iko bure. Kama muhuri haiko, wewe andika kwa kitabu. Andika leo. Nione."

Kitabu kilikuwapo. Daftari la mapokezi lilikuwa kwenye droo yangu mwenyewe, na droo hiyo haikuwa na kufuli. Kuandika jina lake, siku ile na saa ile kungenichukua dakika mbili. Kisheria mstari ule ungetosha. Lakini saa tisa ilikuwa imekwisha kupita, mama yangu alikuwa amenituma kununua sukari na sabuni kabla watu hawajamaliza maduka kwa hofu, na zaidi ya yote, niseme ukweli, yule mama alinikera. Alinikera kwa kuniamuru. Mtu wa viatu vya plastiki kunifundisha kazi yangu!

"Nitaandika," nikamwambia. "Nenda, mama, utakosa gari."

Aliondoa kiganja juu ya bahasha. Kisha akachukua kifuniko chake chenye springi, akaacha bahasha, akaenda. Niliitia bahasha kwenye kabati la chuma, nikafunga. Sikuandika.

Jumatatu mkuu hakurudi. Katikati ya wiki usafiri ukapigwa marufuku, na yeye akapiga simu kutoka Kampala. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata likizo. "Funga ofisi. Usipokee kitu, usiguse kitu. Ufunguo wa mlango kaa nao."

Kwingine nchini mambo yalianza kulegea baada ya miezi michache. Sisi wa mipakani, Arua na Koboko, tuliachwa tumefungwa zaidi, kwa sababu Kongo iko pale na Sudan Kusini iko pale, na madereva wa malori walionekana kama wamebeba kifo kwenye matairi. Nilikaa nyumbani Oli. Mama alishona barakoa kwa vitenge vya zamani. Kila Ijumaa asubuhi mkuu alinipigia niandike ripoti ya wiki kwenye simu yangu na kumtumia, naye aliipeleka makao makuu kwa jina lake. Ripoti ilikuwa na sehemu ya maombi yaliyokwama. Kila wiki aliniambia niandike kwamba hakuna. Wiki ya kwanza nilisema, "Mkuu, kuna bahasha moja ya hataza, ya mama mmoja wa Lobule." Akauliza, "Iko kwenye daftari?" Nikasema haiko. "Basi haipo. Andika hakuna." Nikaandika hakuna. Wiki iliyofuata sikuuliza tena.

Yeye alikuwa akinipigia, yule mama, kwa namba yangu iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Simu ya kwanza ilikuwa ya heshima. "Madamu, mumepiga muhuri?"

"Ofisi imefungwa, mama. Ni korona."

"Korona inakula muhuri?"

Simu ya pili ilikuwa na sauti za watu nyuma, nafikiri alikuwa mahali pa kuchajia simu. Wakati huo makao makuu yalikuwa yametangaza kwa majivuno kwamba maombi yote sasa yatapelekwa kwa mtandao, na kwamba ofisi haijalala hata siku moja. Nilimsomea tangazo hilo kama lilivyo, kama kaseti.

"Mutandao iko wapi Lobule?" akaniuliza. "Nipande mulima na makaratasi kwa kichwa? Na makaratasi yenyewe iko kwako. Nitume nini? Nitume kidole?"

"Mama, mimi natekeleza maagizo tu."

"Wewe uliandika kwa kitabu?"

"Niliandika," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili. Nilikata simu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Baada ya hapo alipiga kila wiki, na kila wiki sauti yake ilikuwa kali zaidi, nami nikawa nikiona namba yake nageuza simu kifudifudi. Nilianza kumchukia kweli. Nilijiambia kwamba ni msumbufu, kwamba kuna watu wanakufa na yeye anaongea muhogo. Hadi siku moja mwezi wa Agosti nikapokea bila kuangalia namba.

"Sasa nasikia masini yangu iko Oli," akasema. Hakunisalimu. "Watu wanasema wewe unakaa Oli. Nenda uangalie na macho yako. Kisha uniambie korona ndiyo ilitengeneza."

Nilikwenda siku ile ile. Karakana ilikuwa karibu na mto, ya fundi wa kuchomelea niliyemfahamu tangu utotoni, jirani yetu, mtu mkarimu aliyetutengenezea geti la nyumbani. Nje ya karakana zilipangwa mashine tatu zilizopakwa rangi ya kijani. Kiti cha baiskeli, pedali, gurudumu la visu. Na juu, kifuniko chenye springi. Alikuwa amekifanya cha chuma badala ya mbao, basi.

"Karibu, dada," akasema, akavua miwani yake ya kuchomelea. "Unataka moja? Watu wa Terego wamekwisha kuchukua mbili."

"Uliona wapi hii, fundi?"

"Soko ya Koboko, kabla ya kufungiwa. Mama mmoja alikuwa anakatia watu muhogo. Nilikaa nikaangalia siku mbili. Nikaenda nyumbani nikatengeneza mzuri zaidi."

"Hukumuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini?" Uso wake ukabadilika. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyotiwa kwenye plastiki, akanishikisha. Ilikuwa stakabadhi ya makao makuu, imechapishwa kutoka mtandaoni: ombi la hataza la mashine ya kukata muhogo, jina lake, namba, na tarehe ya mwezi Juni. "Mimi nilifuata sheria, dada. Watu walisema huyo mama amepeleka makaratasi Arua. Nikaenda kwa kijana wa kompyuta, tukatafuta jina yake. Haiko. Tukatafuta tena. Haiko. Sasa wewe niambie, wewe ndiyo unakaa kwa ile ofisi. Kwa nini jina yake haiko?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua sufuria kwenye kibanda cha jirani waligeuka kunitazama. Nilimrudishia karatasi yake. Nakumbuka vidole vyangu viliacha alama za jasho kwenye ile plastiki, naye akazifuta kwa shati, taratibu, huku akiniangalia.

Kutoka pale nilipanda kilima kwa miguu na ufunguo mkononi. Majani yalikuwa yamefika magotini. Askari wa getini, mtu wa makamo aliyewahi kuwa jeshini, alikuwa bado yupo, analinda nyumba tupu kwa mshahara uliochelewa. Nilifungua kabati. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani na kuingia kwa chini, wamekula mafaili ya majina ya biashara ya rafu ya chini, wamejenga mpaka nusu ya kabati. Bahasha ya Lobule ilikuwa rafu ya juu, salama, haina alama yoyote ya ofisi juu yake. Nikaketi kwenye kiti changu na nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Askari alinisikia akaja dirishani. Nilimweleza yote, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumweleza.

"Huyu mama wa vidole? Mimi namukumbuka. Lakini si wiki ile ndiyo walileta kitabu ya korona?"

Wiki ile kweli wilaya ilikuwa imeagiza kila geti liwe na ndoo ya maji na daftari la wageni, ili mgonjwa akipatikana wafuatwe wote aliokutana nao. Askari alikwenda kwenye kibanda chake akarudi na daftari la shule lililopinda kona. Kwenye ukurasa wa pili, kwa herufi zake kubwa, alikuwa ameandika jina la yule mama, namba yake ya simu, siku ile ya Ijumaa, saa nane na dakika ishirini, anatoka Lobule, na chini ya sababu ya kuja: analeta karatasi ya masini ya muhogo. Mlinzi aliyekaa juani bila mshahara alikuwa amefanya kazi ambayo mimi niliyelipwa kuifanya sikuifanya.

Nilimpigia mkuu pale pale. Nilimwambia kuhusu fundi wa Oli, bahasha na daftari la getini. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Askari."

"Sikiliza. Ombi ambalo halikuandikwa halikuletwa. Ile bahasha itoe, ichome na takataka nyingine. Mchwa wamekula mafaili, si umesema? Hata hiyo wamekula."

"Hawakuila, mkuu. Ninayo mkononi."

"Wewe ndiye uliyeipokea bila kuandika, si mimi. Ukifungua mdomo utajichoma mwenyewe kwanza."

"Najua."

"Unataka kupoteza kazi kwa sababu ya muhogo?"

Nilikata simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatia, na kwa muda kidogo nilihisi raha kubwa.

Mahakama ya Arua ilikuwa ikifanya kazi nusu siku. Niliandika kiapo kwa mkono wangu: kwamba nilipokea ombi siku fulani, kwamba mwombaji alinitaka niliandike, kwamba nilimwahidi na sikufanya, kwamba baadaye nilimdanganya kwa simu. Karani aliyekichapa alisimama kwenye sentensi ya mwisho. "Hii ya kudanganya tuache? Hakuna aliyekuuliza." Nikamwambia aichape. Nikaambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari, askari naye akaapa cha kwake, nikapeleka vyote makao makuu kwa barua pepe na kwa basi la mizigo. Michoro niliipiga picha, karatasi moja moja, kabla ya kuipeleka, maana sikuiamini tena ofisi yangu hata kidogo.

Ofisi ilipofunguliwa tena, mkuu alirudi na barakoa nyeupe na hakunisemesha kwa wiki tatu. Maagizo aliyaandika kwenye vikaratasi na kuvitupa mezani kwangu. Alinihamishia kwenye kazi ya kusafisha mafaili yaliyoliwa na mchwa, na dirisha akampa msichana mpya. Watu niliozoeana nao kwenye ofisi za jirani waliacha kunikaribisha chai. Nami sikuwa mpole. Nilimjibu mkuu kwa ukali mbele ya wateja, nikawa naacha mlango wake wazi makusudi ili vumbi liingie.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kililetwa kijitabu kinachong'aa cha makao makuu, kueleza jinsi ofisi ilivyofanya katika mwaka ule mgumu. Mkuu alituita chumbani kwake akatusomea kwa sauti, kikombe cha chai mkononi. Kwa ufupi, tulifanya vizuri. Ugonjwa ulikuja, nasi tukahamia mtandaoni. Wananchi walihudumiwa bila kukatizwa. Matawi ya mikoani yalisifiwa kwa kutokuwa na ombi hata moja lililokwama. Picha ya jalada ilionyesha mikono iliyovaa glavu ikishika kompyuta.

"Na la Lobule?" nikauliza.

Msichana wa dirishani aliangalia sakafu. Mkuu akageuza kurasa, akanywa chai. "Hapa wanaongelea maombi yaliyopokelewa."

"Kwa hiyo ili mtu asikwame, asipokelewe kabisa."

"Toka nje," akasema.

Nilitoka. Lakini nilijua zile ripoti zilizojenga kile kijitabu, za tawi letu angalau, nilikuwa nimeziandika mimi, Ijumaa baada ya Ijumaa, kitandani kwangu Oli.

Jibu la makao makuu lilikuja mwezi wa tatu, na nililiona kwa bahati, kwenye trei ya mkuu, chini ya gazeti. Lilikuwa limekaa pale karibu mwezi mzima. Lilisema kwamba kwa kuzingatia viapo viwili, tarehe ya Machi inaweza kukubaliwa na ombi la fundi wa Oli kusimamishwa, mradi mwombaji atie sahihi fomu iliyoambatanishwa na irudishwe kabla ya siku fulani. Zilibaki siku nne. Nilichukua barua na fomu, sikuaga, nikapanda gari la Koboko, na Koboko nikapanda boda hadi Lobule.

Nilimkuta nyumbani kwake, mbele ya nyumba ya udongo yenye bati, amekaa kwenye mashine yake anakanyaga. Vipande vyeupe vya muhogo viliangukia kwenye turubai na binti zake wawili walikuwa wakivitandaza juu ya mwamba ulio kando ya nyumba. Alinitambua kabla sijavua barakoa. Hakusimamisha miguu.

"Madamu wa dirisha," akasema. "Umekuja kuandika kwa kitabu?"

Sikuwa nimekaribishwa kuketi, na sikuketi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama juani: kwamba sikuandika, kwamba nilidanganya, kuhusu kiapo, barua na siku zilizobaki. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipomaliza nikasema, "Mama, nisamehe."

Mashine ikasimama. Alishuka, akafuta visu kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa ule mkono wenye vidole vitatu.

"Unataka niseme haina maneno?"

Nikatoa fomu kwenye mkoba wangu.

"Mimi sitasema haina maneno. Iko na maneno. Mwaka nzima napiga simu kama mutu anaomba chakula. Watu wa soko wananiuliza, wewe umeiba masini ya mutu wa Oli? Mimi! Mimi niliibia mutu wa Oli!" Sasa alikuwa akipiga kelele, na binti zake walisimama kutandaza. "Na wewe hata kiti hukunipa. Nilikaa chini kama mbwa, nikainama kwa dirisha yako kama mbwa."

"Ni kweli, mama."

"Usiniite mama."

Nilitamani kumjibu kwamba nimepoteza kazi kwa ajili yake, au karibu nitaipoteza, kwamba nimesafiri kilomita hizi zote, kwamba hana shukrani. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nadhani aliyaona, kwa sababu alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Lete kalamu," akasema. "Si kwa sababu yako. Ile mutu ya Oli, mimi nataka ajue masini iko ya nani."

Alitia sahihi juu ya kiti cha baiskeli, polepole, herufi kamili, jina lote. Akanirudishia fomu bila kunitazama, akapanda tena, akaanza kukanyaga. Binti yake mdogo ndiye aliyenionyesha njia ya mkato kurudi barabarani, naye hakusema neno.

Fomu ilifika Kampala siku ya mwisho. Niliipeleka mwenyewe, kwa basi. Mkuu aliniandikia barua ya kunishtaki kwa kuondoka kazini bila ruhusa, na mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Siku hizi ninauza vitabu vya shule na madaftari hapa Oli, na nikipita karibu na karakana, fundi hunigeuzia mgongo. Ombi lake lilikataliwa mwaka uliofuata. Anaendelea kutengeneza mashine zile zile, kwa rangi nyingine, na hakuna anayemzuia. Wanazitengeneza Koboko pia, na nimesikia hata ng'ambo, Kongo.

Hataza ya mama wa Lobule ilitoka. Msichana wa dirishani aliniambia, tulipokutana msibani. Ilikuja na muhuri na utepe, na mkuu mpya akataka sherehe ndogo, mpiga picha, mtu wa redio, na yule mama aje Arua kuipokea mbele ya watu, ili ionekane ofisi inavyowafikia wanawake wa vijijini. Wakampigia simu.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alisema yeye alikwisha kuja mara moja. Safari hii sisi ndiyo tumpelekee, na tukifika tusimame."

"Mkapeleka?"

Msichana alirekebisha mtandio wake, akatazama watu waliokuwa wakibeba masufuria ya pilau. "Mkuu alisema hakuna mafuta ya gari," akasema. "Iko kwa kabati."